Kumlisha samaki mandarini: fuga kopepodi kwanza, samaki baadaye

Samaki mandarini akifa tangini, mara nyingi utakuta maji ni safi, joto ni sawa, na mwenye tangi hakukosa kutia chakula hata siku moja. Kilichomuua ni njaa. Punje na vipande vikavu vilidondoka mbele yake wiki baada ya wiki, naye akavipita, kwa sababu kwake chakula ni kitu kidogo kinachotambaa juu ya jiwe. Kisichotambaa si chakula. Anayetaka kumfuga samaki huyu inampasa kufuga viumbe wawili: kwanza kopepodi, yaani vijidudu vya majini vya jamii ya kamba, kisha mandarini. Ukigeuza mpangilio huo, utakuwa unakimbizana na wiki chache alizobakiza.

Jina lake la kisayansi ni Synchiropus splendidus. Ni samaki wa Pasifiki ya magharibi, kuanzia visiwa vya Ryukyu kusini mwa Japani, kupitia Ufilipino na Indonesia, hadi Australia. Kwenye miamba yetu, tangu Lamu hadi Mtwara, hayupo. Anayeuzwa katika miji yetu au huko Ghuba amesafirishwa kwa ndege ndani ya mfuko wa plastiki, na kabla ya safari kwa kawaida hunyimwa chakula makusudi ili asichafue maji ya mfuko. Kwa hiyo anafika dukani akiwa tayari amepungua.

Urefu wake ni sentimita 6 hadi 8, hana magamba, mwili umefunikwa ute mzito, na mdomo ni mdogo, wa kuchomoza na kufyonza windo moja moja. Baharini hukaa mahali patulivu kati ya vifusi vya matumbawe, akidonoa tangu asubuhi hadi jioni: kopepodi, amfipodi, vijiminyoo, konokono wachanga, mayai ya samaki. Hali mlo mmoja mkubwa akashiba. Kumtilia chakula mara moja kwa siku, hata kikiwa hai, hakumtoshi.

Kabla ya kulipa

Mwangalie kutoka juu, kisha kutoka mbele. Nyuma ya kichwa, pande zote mbili za uti wa mgongo, nyama iwe imejaa. Ukiona mfereji, au mgongo umechongoka kama kisu, misuli imeshaanza kuliwa na mwili wenyewe. Tumbo liwe bapa au limevimba kidogo. Likiwa limebonyea kwa ndani chini ya mapezi ya ubavuni, muache. Kisha msubiri dakika kumi. Mandarini mzima hadumu sehemu moja: anatambaa juu ya jiwe, anasimama, anatazama, anadonoa, anasogea. Anayekaa pembeni mwa tangi bila kudonoa, hata bei yake ikishushwa, ni hasara.

Nunua mmoja, au dume na jike. Dume hutambulika kwa mwiba mrefu wa pezi la kwanza la mgongoni. Madume wawili katika tangi moja watapigana mpaka mmoja afe.

Tangi lenyewe

Kama unataka tangi limlishe karibu lenyewe, anzia lita 250 zenye mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake) yasiyopungua kilo 30, na liwe limekaa angalau miezi sita. Mwaka mmoja ni bora zaidi. Umri huo una sababu. Kopepodi wa sakafuni hula utando wa mwani, bakteria na mabaki yaliyonasa kwenye vinyweleo vya mawe, na tangi jipya halina vitu hivyo. Unaweza kumwaga chupa kumi za kopepodi kwenye tangi la mwezi mmoja na wasionekane baada ya wiki mbili.

Jipime hivi: saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa, mulika kioo na mawe kwa tochi. Ukiona vidoa vyeupe vinatambaa kila unapomulika, ghala lipo. Ukilazimika kutafuta, halipo bado, na mandarini asubiri. Rudia usiku tatu tofauti, maana usiku mmoja unaweza kukudanganya.

Majirani nao ni wa kuhesabiwa. Mpinzani mbaya kuliko wote ni samaki mdogo wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, ambaye yeye anapatikana hata kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Hula kopepodi walewale, ana kasi mara nyingi kuliko mandarini, na hupenya katika nyufa zilezile. Farasi wa baharini wanashindania chakula hichohicho pia. Katika tangi la lita 250, chagua mmoja: mandarini au mpinzani wake.

Kwenye kona yenye mkondo mdogo, weka rundo la vipande vya matumbawe mfu vya sentimita 2 hadi 5, rundo la ukubwa wa kilemba. Samaki hawezi kuingia kati ya vipande hivyo, kopepodi anaweza, na humo ndimo watakamozaliana bila kuliwa. Ikiwa una tangi la chini la kuchujia, tenga chumba chake kimoja kiwe kimbilio: jaza mwani wa Chaetomorpha, ule unaofanana na uzi uliosokotana, punguza kasi ya maji yanayopita, na washa taa yake usiku wakati tangi kuu limezimwa. Kila baada ya wiki chukua konzi moja ya mwani huo, utikise ndani ya tangi kuu, kisha urudishe. Utaona kwa macho kinachodondoka.

Kopepodi wa aina gani

Kopepodi ni viumbe wadogo wa ukoo mmoja na kamba na kaa, na wengi wa wale tunaowahitaji hawafiki au hawazidi sana milimita moja. Wanaouzwa kwa wafugaji ni hasa aina tatu.

Tisbe ndiye wa kujengea msingi. Ni mweupe, mdogo, hutambaa juu ya mawe na kioo badala ya kuelea, huvumilia joto la tangi la matumbawe, na kwa nyuzi 25 hivi kizazi kipya hukomaa kwa takriban wiki moja hadi mbili. Kasoro yake ni udogo: samaki aliyekonda anahitaji wengi mno kurudisha mwili.

Tigriopus californicus ni mkubwa zaidi, mwekundu hadi rangi ya chungwa, na ana mwendo wa kurukaruka unaomvuta mandarini mara moja. Huyu ni chakula cha kunenepesha. Usimtegemee kujaza tangi, kwa kuwa asili yake ni vidimbwi vya miamba ya pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, penye maji baridi zaidi, na anaonekana upesi hivyo huliwa kabla hajazaa.

Apocyclops ni wa kati. Huelea na kutambaa, huzaa haraka, na hustahimili mabadiliko ya chumvi na joto. Kwa anayefugia nyumba isiyo na kiyoyozi, Mombasa au Dar es Salaam, aina hii na Tisbe zinafaa kuliko Tigriopus.

Ukipokea chupa, ifungue na uinuse. Harufu ya yai bovu maana yake wamekufa. Iache dakika 20 ifikie joto la chumba, kisha mimina kidogo kwenye sahani nyeupe na uangalie kama wanatembea.

Kuwazalisha nyumbani

Kununua chupa kila wiki kutakuchosha mfuko, na siku mzigo ukichelewa samaki hana akiba. Vyombo vya kuzalishia ni rahisi: ndoo mbili au tatu za plastiki za lita 10 hadi 20 zilizo safi, ambazo hazijawahi kuona sabuni wala dawa. Zisipungue mbili. Chombo kimoja kitakufa siku moja, hilo ni la kutarajia, na cha pili ndicho kitakachokuokoa.

Jaza maji chumvi yenye gramu 30 hadi 35 kwa lita. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, ikisoma 1.023 hadi 1.026 umefika. Aliye karibu na bahari anaweza kuchota mwenyewe: chota maji yanapojaa, mbali na mdomo wa mto na mabomba ya majitaka, wala si katika siku za mvua za masika, chumvi inaposhuka na uchafu wa nchi kavu kuteremka. Yaache saa 48 gizani kwenye dumu lililofunikwa, kisha uyachuje kwa chujio la maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) au dogo zaidi. Maji mabichi yasiyochujwa huja na vichanga vya haidroidi na wadudu wengine, nao wakishaingia kwenye ndoo hawatoki.

Hewa itoke kwenye mrija mwembamba mgumu bila jiwe la hewa, povu moja au mawili kwa sekunde. Mapovu madogo ya jiwe la hewa huwanasa vichanga na kuwanyanyua hadi juu, wakakaukia ukingoni. Joto liwe kati ya nyuzi 22 na 28. Mwanga wa kawaida wa chumba unatosha, ila jua la moja kwa moja litapika ndoo mchana.

Chakula chao ni mwani wa kuelea ulio hai: Isochrysis, Tetraselmis au Nannochloropsis. Mchanganyiko ni bora kuliko aina moja, kwa sababu Isochrysis ina asidi ya mafuta ya DHA ambayo Nannochloropsis karibu haina. Tia mpaka maji yapate ukijani hafifu, ambao bado unakuruhusu kuona kiganja chako upande wa pili wa chupa ya maji hayo. Yakirudi kuwa maangavu, baada ya siku moja au mbili, ongeza. Yasipokuwa maangavu kwa siku tatu, usiongeze kitu: ama kopepodi ni wachache, ama wanakufa. Asiyepata mwani hai atumie unga wa spirulina, kiasi cha ncha ya kisu kwa lita 10, uliokorogwa kwanza katika kikombe cha maji chumvi. Unga huoza haraka, kwa hiyo kosa la kuzidisha hapa huadhibiwa siku hiyohiyo.

Vuna kuanzia wiki ya tatu. Toa robo ya maji kwa juma, uyapitishe kwenye chujio la nailoni la maikroni 100 au 120, ambalo hushika wakubwa na kuwaachia vichanga. Vichanga vilivyopita virudishe kwenye ndoo pamoja na maji mapya ya chumvi ileile. Ukitaka kukusanya wote tumia la maikroni 50. Taka iliyolala chini usiifyonze yote, maana Tisbe wengi wanaishi humo. Nyonya nusu, na kila miezi miwili au mitatu anzisha ndoo mpya safi kwa kopepodi wa ile ya zamani.

Ndoo ikigeuka ghafla kuwa na maji meupe kama ya mchele, bakteria wameshika. Toa nusu ya maji, acha kulisha, ongeza hewa kidogo. Ukiona viumbe vingi vidogo zaidi vinavyozunguka na kuogelea bila kutulia, hao ni rotifera, na kwa kawaida huwashinda kopepodi kwa chakula. Mwaga, osha kwa maji ya moto, anza upya kutoka ndoo ya pili. Kwa sababu hiyo kila ndoo iwe na kikombe chake na mrija wake. Na umeme ukikatika? Chombo chenye mdomo mpana na maji yenye kina kifupi huvumilia saa nyingi bila pampu kuliko chupa ndefu nyembamba. Penye kukatika mara kwa mara, Tisbe wanaweza kukuzwa kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 8 hadi 10 bila hewa kabisa, mradi usiwajaze.

Kuwatia tangini

Watie usiku, taa zikishazimwa. Simamisha pampu za mkondo kwa dakika 30, ondoa soksi ya kuchujia, zima skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) na taa ya kuua vijidudu kwa saa chache. Watelemshe kwa mrija hadi kwenye mawe na lile rundo la vifusi; ukiwamwaga juu ya maji, samaki wengine watawamaliza kabla hawajafika chini. Kabla ya mandarini kuingia, fanya hivyo mara tatu, kila moja wiki mbili baada ya nyingine. Baada ya kuingia, endelea kila wiki.

Usitie dawa yenye shaba kwenye tangi hili kwa sababu yoyote. Shaba huua kopepodi wote, na mawe hunywa sehemu yake na kuitoa baadaye taratibu. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye chombo cha pembeni.

Artemia kwa samaki aliyekonda

Kopepodi wa tangi hudumisha mwili uliopo. Kumrudisha aliyekonda kunahitaji chakula kingi zaidi kwa saa chache, na hapo ndipo vifaranga vya artemia, kamba wadogo wa maji ya chumvi, vinaposaidia. Mayai makavu hupatikana kirahisi. Sehemu kubwa ya yanayouzwa duniani yametoka Great Salt Lake, Utah. Artemia waliwahi kupandikizwa pia katika mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi katika miaka ya 1980.

Kata kitako cha chupa ya soda ya lita 2, uigeuze mdomo chini na kizibo kikiwa kimefungwa. Tia lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi ya bahari na ncha ya kijiko ya magadi ya kuokea ili pH isishuke chini ya 8. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache kwanza yakipigwa hewa siku nzima. Ongeza gramu 1 hadi 2 za mayai, yaani takriban nusu kijiko cha chai. Mrija wa hewa ufike hadi chini kabisa kwenye mdomo wa chupa, hewa iwe kali kiasi kwamba hakuna yai linalotulia. Weka taa karibu. Mayai yanahitaji mwanga saa za mwanzo ili yaamke. Kwa nyuzi 26 hadi 28 yataanguliwa ndani ya saa 18 hadi 24. Kwa nyuzi 22 subiri hadi 36.

Zima hewa, mulika tochi karibu na sehemu ya chini, ngoja dakika 10. Maganda huelea, mayai mabovu hulala chini kabisa, na vifaranga vya rangi ya chungwa hukusanyika kwenye mwanga. Usingoje nusu saa, watakosa hewa. Achia matone ya kwanza yenye mayai mabovu yaende, kisha nyonya vifaranga kwa mrija mwembamba, uwachuje kwa maikroni 120 na kuwasuuza kwa maji chumvi safi. Jitahidi maganda yasiingie tangini: hayayeyuki tumboni na yanaweza kuziba utumbo wa samaki mdogo. Anayechoka kutenganisha anunue mayai yaliyokwisha kutolewa ganda.

Saa ndiyo kila kitu hapa. Kifaranga kipya anaishi kwa kiini chake na hicho ndicho kinachomlisha samaki. Kila saa inayopita anakitumia. Walishe ndani ya saa 6 za kuanguliwa, au wahifadhi kwenye jokofu, nyuzi 4 hadi 6, katika maji chumvi yenye kina kifupi, kwa siku moja au mbili. Njia nyingine ni kuwangoja wajibadilishe ngozi mara ya kwanza, saa 12 hivi baadaye, mdomo unapofunguka, kisha kuwalisha Isochrysis au mafuta ya kurutubisha kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kumpa samaki. Artemia wasiorutubishwa wana upungufu wa DHA, na mandarini anayekula hao tu kwa miezi hubaki dhaifu hata kama tumbo limejaa.

Mayai yasipoanguliwa, tatizo mara nyingi ni unyevu. Kopo likishafunguliwa liweke kwenye chombo kisichopitisha hewa ndani ya jokofu, na kijiko kiwe kikavu.

Mtungi wa kulia chakula

Kama mandarini anaishi na samaki wepesi, vifaranga vikimwagwa hovyo vitaliwa na wengine. Chukua mtungi mdogo wa kioo wa mililita 300 hadi 500, ulaze ubavu juu ya mchanga, mdomo uwe na upana wa sentimita 3 hivi, samaki wakubwa wasiingie. Pitisha mrija mgumu kutoka juu ya maji hadi ndani ya mtungi. Zima pampu za mkondo, sukuma vifaranga taratibu kwa bomba la sindano. Mara ya kwanza weka pia kipande cha jiwe chenye kopepodi karibu na mdomo. Mandarini akishagundua mara mbili tatu, atakuwa anakuja akiona mrija unatikisika.

Mpe hivyo mara 3 hadi 4 kwa siku, kila mara kiasi atakachomaliza kwa dakika 20. Mabaki yaliyokufa ndani ya mtungi yafyonze jioni. Mpige picha mara moja kwa juma kutoka mbele na ubavuni, mahali palepale, kwa sababu jicho linaloangalia kila siku halioni mabadiliko. Mfereji wa mgongoni ndio wa mwisho kujaa, na unaweza kuchukua wiki nyingi.

Akiwa amezoea mtungi, changanya artemia hai na kopepodi au mayai ya samaki yaliyogandishwa, sehemu moja ya vilivyogandishwa kwa tisa za hai, ukiongeza polepole. Baadhi hukubali, baadhi hukataa maisha yao yote, na kumshindisha njaa ili akubali ni kumuua. Kama duka lako linaweza kuagiza waliozalishwa na wafugaji badala ya waliovuliwa, lipia tofauti ya bei. Wamekua wakila kutoka kwa mkono wa mtu, na wengi wao hukubali vilivyogandishwa tangu siku za kwanza. Hata hao waendelee kuwa na kopepodi tangini, na ndoo zako zisikauke: safari ya wiki moja ikikupata, mwombe jirani atie kikombe kimoja cha mavuno ya ndoo kila usiku baada ya taa kuzimwa, ukiwa umemwachia vikombe vilivyokwisha kupimwa, ili asimwage ndoo nzima kwa siku moja.